Duka Lililoipa Barabara Mgongo

Kosa langu la kwanza katika biashara nililijenga kwa miti na udongo, nikaliezeka kwa nyasi, na kila mpita njia aliliona isipokuwa mimi. Nilijenga duka likaipa barabara mgongo. Njia ya kwenda Nkwenda ilipita nyuma yake kabisa, na watu waliokuwa wakienda sokoni waliona ukuta mtupu na kuku wetu wakijikung'uta vumbini. Mlango ulitazama uani kwa mama yangu, ukiangaliana na mlango wa jikoni. Aliyetaka kiberiti ilimbidi aache barabara, apite kwenye uwazi wa uzio, ainamishe kichwa chini ya migomba, atokeze uani, aruke kinu, ndipo anione nimekaa nyuma ya meza yangu kama bwana harusi aliyesahauliwa.

Nilikuwa na sababu. Sikutaka kutoka nyumbani. Duka likitazama uani ningeweza kuuza huku naona chungu kinavyochemka, na mvua ikinyesha ningekuwa kitandani kabla tone la pili halijanipata.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, upande wetu wa Kaisho, Karagwe, wakati kahawa ilipopanda bei na wazee wakaanza kuvaa makoti juu ya kanzu hata siku za jua kali. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari. Pale mlimani kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yangu, na wazazi walioniona niliporudi hawakuwa na haraka ya kulijaribu kwa watoto wao. Nilipata kazi ya ukarani Bukoba. Nilikaa mpaka mvua za vuli zikaanza, halafu nikaumwa ugonjwa ambao hospitali haikuuona. Mama yangu aliuona pale pale nilipotokeza migombani na sanduku langu kichwani.

"Umekumbuka nyumbani," akasema, na akaongeza ndizi chunguni.

Mtu mwenye elimu hawezi kukaa tu anakula ndizi za mama yake bila jina la kazi. Nikaamua niwe mfanyabiashara. Mtaji ulitoka kwa mama. Marehemu baba alikuwa amemwachia kibanja cha migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja mwekundu wa pembe ndefu. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo si maziwa peke yake. Samadi yake ndiyo chakula cha migomba. Mji usio na ng'ombe, migomba yake husinyaa kidogo kidogo, mikungu inakuwa myepesi, na mwisho wenye mji nao wanakuwa wepesi.

Nilimpeleka ng'ombe kwa mfugaji mmoja wa mlima wa pili, mzee mpole mwenye zizi kubwa. Tulipatana hivi: yeye anipe fedha, mimi nimwachie ng'ombe, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa. Nikirudisha fedha kabla hajazaa, ninamchukua ng'ombe na ndama wake tumboni. Akizalia kwenye zizi la mzee, basi ng'ombe ni wa mzee, na ndama pia. Nilikubali upesi mno, hata mzee akarudia maneno yake taratibu, kama anavyorudiwa mgonjwa wa homa.

"Umenisikia vizuri, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee. Kabla hajazaa nitakuwa nimerudi."

Mama sikumweleza kwa lugha ya nyumbani. Nilimweleza kwa Kiswahili cha shule, kwa maneno kama mtaji, faida na mzunguko. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Atarudi?"

"Atarudi na ndama, mama."

Basi nikaketi kupanga namna ya kuwavuta wateja. Sekondari mwalimu mmoja alikuwa ametugusia mambo ya biashara. Alisema muuzaji mwerevu huanza kwa kuwajua watu wake, kisha hutafuta kitu wanachokitaka ambacho muuzaji mwenzake hana, kisha huhakikisha kwamba aliyekuja leo na kesho atakuja. Haya yote niliyafanyia kazi nikiwa nimelala chali. Watu wangu niliwajua, kwa kuwa wote walinibeba nilipokuwa mtoto. Mwenzangu alikuwa Mhindi wa Nkwenda. Huyo alikuwa na chumvi, sabuni, mafuta ya taa, majani ya chai na vitambaa vya amerikani, kama mimi, ila vyake vilikuwa vingi. Nikatafuta alichokosa. Nikagundua kwamba Mhindi hana kiti. Mteja wake husimama, hutaja anachotaka, hulipa, huondoka. Hakuna anayeulizwa habari za mguu wake. Wala hatoi kahawa.

Nasema kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa. Kwetu mgeni hupewa hiyo kwanza, kiganjani au kwenye kikapu kidogo, kabla hajasema kilichomleta. Nikasema moyoni: kwangu kila mteja atakaa kitini na atatafuna kahawa. Nyumba nzima nikaitandika nyasi mpya sakafuni, kama ilivyo desturi. Niliuona mpango huo mzuri mno, nikasikitika kidogo kwa ajili ya Mhindi.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye kibanja chake kilipakana na chetu. Ulimi wake haukuwa na mpaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Karani." Alisimama mlangoni akitazama nyuma yake, kisha akanitazama mimi. "Umefungua duka au umefungua jiko?"

"Duka, mama."

"Mbona nimepita kwenye vyungu vya mama yako kulifikia? Au wateja tukoshe vyombo kwanza?"

"Karibu ukae, mama. Kahawa hii hapa."

Alikaa. Alitafuna. Alimwita mama yangu, wakazungumza habari za mvua, za maharage, na za binti mmoja wa Murongo ambaye kwa maoni yao angenifaa mimi kama angekuwa na bahati mbaya. Jua lilipopinda akasimama, akajikung'uta.

"Nipe na chumvi kidogo, mwanangu."

Nikapima, nikafunga kwenye jani la mgomba. Akapokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akamwombea marehemu baba pumziko, akaenda zake. Mimi nilibaki nimenyoosha kiganja juu ya meza kama mtu anayepima kama mvua imeanza.

Nilidhani amesahau. Kumbe ndio utakuwa utaratibu. Walikuja wengi, maana habari ya duka lenye kiti ilienea upesi. Walikuja wazee na mikongojo yao, walikuja akina mama wakitoka shambani. Wote waliketi, walitafuna, waliuliza habari, na mwisho wakaomba: sabuni kipande, kiberiti, mafuta ya kutia kibatari. Na wote walikuwa watu wenye adabu. Hakuna aliyekuja mikono mitupu kwa mara ya pili. Mmoja alileta mkungu wa ndizi, mwingine maharage kwenye kikapu, mwingine kuku. Wageni waungwana ndivyo wafanyavyo. Haukupita muda duka langu likawa na ndizi nyingi kuliko sabuni.

Mama alipita mlangoni na ufagio, akaitazama mikungu iliyojipanga chini ya rafu tupu.

"Wanakupenda," akasema.

"Wananipenda, mama."

"Na ng'ombe?"

Ng'ombe alikuwa ananenepa tumbo. Mama alikuwa anakwenda kumwona, akipanda mlima wa pili kwa mguu wake mbovu, akisingizia kwamba anakwenda kusalimia. Akirudi anachora tu kwa mikono mbele ya kitambaa alichojifunga jinsi tumbo lilivyofikia. Kila mara mikono ilikuwa mbali zaidi na kitambaa.

Niliona kwamba lazima biashara ikue, tena haraka. Nikarudi kitandani kufikiri. Ndizi zilikuwepo, zinaiva, zinaanza kunuka utamu. Nikasema: hizi ndizo mali. Nitatengeneza rubisi, nitauza pombe, na kwa fedha ya pombe nitajaza rafu. Yule mwalimu angenipongeza. Ila rubisi haitengenezwi na mtu mmoja. Unahitaji mtumbwi wa kukamulia, na mtumbwi ulikuwa wa jirani. Unahitaji miguu ya kukanyaga ndizi kwenye nyasi mpaka maji yatoke, na miguu ilikuwa ya majirani. Na mwenye mtumbwi ana fungu lake, mwenye miguu ana fungu lake, mzee wa ukoo ana kibuyu chake cha kwanza, na aliyepita akasikia harufu naye si wa kufukuzwa. Siku rubisi ilipokuwa tayari uani kwetu palikuwa na watu wengi kuliko kanisani Jumapili. Waliimba. Walinisifu kwa majina ya ukoo. Kama biashara hupimwa kwa idadi ya watu mlangoni, siku hiyo Karagwe nzima haikuwa na mfanyabiashara kama mimi.

Kesho yake nilikuwa na vibuyu vitupu, na nyasi za sakafuni zilihitaji kubadilishwa.

Ndipo nikajikaza kiume. Alipokuja mzee mmoja aliyezoea kuchukua mafuta ya taa, nikamkalisha, nikampa kahawa, na alipotaja haja yake nikakohoa.

"Mzee, mafuta yana bei."

"Naam?"

"Bei. Ya mafuta."

Mzee hakukasirika. Aliweka kahawa iliyobaki kwenye kikapu, moja moja, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota kimakosa. Lakini jikoni kitu kilianguka, na mama akatokea mlangoni akiwa na unga wa mtama mikononi.

"Unamwambia nani bei?"

"Mama..."

"Huyu alimzika baba yako. Alishuka kaburini kwa miguu yake. Leo amekaa kwenye nyasi zangu unamtajia bei?"

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia: mama, ni ng'ombe wako huyu. Alijua. Niliona usoni kwamba anajua, na kwamba alikuwa ameshapima kipi kizito. Akachukua chupa ya mzee, akaijaza mwenyewe mpaka shingoni, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akaingia jikoni, na siku ile hakwenda mlima wa pili.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nirudi kutoka Bukoba. Nilivaa viatu nikaenda sokoni Nkwenda, kuona biashara inavyofanywa na wanaoiweza. Ilikuwa msimu wa kahawa, watu walikuwa wamepokea fedha zao, na njia ilijaa. Mbele ya duka la Mhindi watu walisongamana. Na katikati yao, akisukuma kwa viwiko, nilimwona jirani yetu. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa senti, akazigonga mezani, akapewa chumvi. Chumvi! Nikamshika mkono alipotoka.

"Mama, chumvi mimi ninayo."

"Najua unayo."

"Kwa nini unanunua huku?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Sasa nikanunue wapi? Kwenu? Niingie uani kwa mama yako, nikae kwenye nyasi zake, nitafune kahawa yake, halafu nimtolee mwanawe senti kama ninamlipa posho? Nitamtazamaje kisimani?"

"Lakini duka ni duka, mama."

"Duka liko njiani. Kwenu ni kwenu. Mgeni haombwi senti, na mimi sitakuwa wa kwanza kukutukana." Akaifunga chumvi yake kwenye khanga. "Kila mtu hapa anajua hivyo. Tulidhani na wewe unajua, tukasema huyu kijana ana moyo mkubwa, anagawa mali ya mama yake."

"Nyote mlikuwa mnasema hivyo?"

"Tulikuwa tunakuombea, waitu, mwanetu. Maana tuliona haitafika mbali."

Nilirudi nyumbani mbio, au kwa mwendo ninaouita mbio. Nikachukua shoka na panga, nikatoboa ukuta wa nyuma. Nilitoboa dirisha kubwa lililotazama barabara, nikaweka ubao wa kupangia bidhaa, nikaziba mlango wa uani kwa mkeka. Nikavuta kiti changu, nikakaa na uso wangu njiani kwa mara ya kwanza. Vumbi liliniingia machoni. Nilijiona mfanyabiashara kweli.

Watu walikuja. Walisimama dirishani, wakanisalimu kwa furaha, wakasifu dirisha, wakagonga ubao kuona kama ni imara. Kisha wakazunguka, wakapita kwenye uzio, wakainamisha vichwa chini ya migomba, wakatokeza uani, wakafunua mkeka, wakakaa. Walikuwa wameshazoea. Kwao kunipitia dirishani kungekuwa kunidharau, kana kwamba baina yetu pameingia ugomvi. Mzee yule wa mafuta ya taa ndiye peke yake aliyebaki nje. Alitoa senti, akanunua, akalipa. Nilizipokea zikanichoma. Na wale waliokuwa wageni kabisa, wapita njia wa kwenda Murongo ambao wangenunua bila haya, walikuwa wameshamzoea Mhindi. Tena msimu ulikuwa unakwisha, na fedha ya kahawa ilikuwa imeshageuka makoti.

Niliuza kidogo. Senti nilizitia kwenye kopo la chai, na kila nilipolitikisa lilitoa sauti nyembamba. Mama alikuwa anaisikia akiwa jikoni. Nilijua, kwa maana mchi ulinyamaza.

Mfugaji alikuja mwenyewe, asubuhi yenye ukungu. Angeweza kukaa kimya kwake, mapatano yalikuwa wazi. Lakini alikuwa mtu wa heshima. Hakusimama dirishani. Alizunguka, akatokeza uani akiwa na kibuyu cha maziwa kilichofungwa vizuri. Mama alimpa kiti. Mimi nilimpa kahawa. Alitafuna mpaka ikaisha, tukaulizana habari zote za pande zote mbili, na hakuna aliyegusa jambo lenyewe.

"Amezaa," akasema hatimaye. Alimwambia mama, si mimi. "Jike. Mwekundu kama mama yake. Nimekuletea maziwa, uonje wewe kwanza."

Mama alipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Amezaa vizuri?"

"Vizuri. Hakusumbua."

"Alikuwa hasumbui," mama akasema. "Hata zamani."

Nilisogeza lile kopo la chai mbele, kwa namna ya mtu anayesogeza kopo bila sababu. Mzee aliliona. Alitazama pembeni ili nisiaibike. Alipoinuka kwenda, akiwa ameshashika fimbo yake, akanigeukia kwa upole.

"Mwanangu, una kiberiti? Usiku huu nilikesha zizini, nimemaliza."

Nikampa kiberiti. Nini tena ningefanya? Alikuwa mgeni.

Baada ya hapo hakuna la kusimulia ila mambo ya kawaida. Migomba iliyokuwa karibu na nyumba ilianza kupauka majani mwaka uliofuata. Mama alianza kutoka alfajiri na kikapu, akifuata njia ambayo ng'ombe wa wengine hupita kwenda mtoni, akiokota samadi. Mwanzoni aliondoka kabla watu hawajaamka. Baadaye akawa anaondoka wakati wowote, akipishana na watu, akiwasalimia na kikapu kichwani. Mimi niliwahi kumfuata mara moja ili nimsaidie. Aliniambia nirudi nikatazame duka. Nikarudi. Dukani kulikuwa na nusu gunia la chumvi, vipande vya sabuni vilivyoliwa na panya, na dirisha kubwa la kutazamia njia. Kwa miezi mingi niliendelea kukaa pale, kwa kuwa pale nilipata kuonekana niko kazini.

Jioni moja mama alicheka. Alikuwa akichambua maharage uani, kuku akaruka juu ya kichwa cha paka, naye akacheka kwa sauti, kama zamani. Nilimsikia nikiwa dirishani, na jirani yetu alikuwa amesimama nje, upande wa barabarani, kwa mara ya kwanza. Nikapata matumaini. Nikamwinamia jirani juu ya ubao.

"Umemsikia mama? Anacheka. Nadhani sasa amenisamehe."

Jirani alisikiliza kidogo, akitega sikio kuelekea uani. Kisha akaweka senti yake juu ya ubao.

"Hajakusamehe, amekuzoea. Nipimie chumvi upesi, nimeacha ndizi jikoni."